Kisa cha Mtoto Aliyekataa Kujiita Hodari

Msichana ninayemzungumzia katika uchambuzi huu alikuwa na umri wa miaka 11 nilipoanza kukaa naye, na alikuwa akisoma darasa la nne kwa mara ya pili. Mwaka 2018 alifanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, hakufikia kiwango, na Januari 2019 akarudishwa kukariri darasa huku wenzake wakivuka kwenda la tano. Shule ni ya serikali, mjini Tanga, nami nilikuwa mwalimu wa malezi na unasihi shuleni hapo, kazi niliyoifanya pamoja na vipindi vyangu vya Kiswahili. Jina la mtoto silitaji, na mambo kadhaa ya familia nimeyaficha kwa makubaliano na mama yake, aliyeniruhusu kukiandika kisa hiki kwa kutumaini kwamba huenda kikamfaa mtoto wa mwenziwe.

Aliletwa kwangu mwezi Februari kwa sababu daftari lake la Hisabati lilikuwa limetobokatoboka, na mwalimu wake wa darasa alidhani ni uharibifu wa makusudi. Nilipolifungua niliona kwamba matundu yote yalikuwa mahali pa majibu. Mtoto alikuwa akiandika jibu, akalifuta kwa kifutio, akaliandika tena, akalifuta tena, mpaka karatasi ikachanika, na hatimaye akaliacha swali bila jibu lolote. Katika jaribio la mwezi huo, kati ya maswali 10, saba hakuyajibu kabisa, na alipata alama 9 kati ya 50.

Nilimuuliza, "Mwanangu, ukiwa unafuta, huwa unajiambia nini?"

Alinyamaza kitambo, kisha akajibu kwa sauti ndogo, macho yakiwa chini, "Najiambia, 'We mkariri, utakosa tu.'"

Kuanzia hapo sikuwa tena na shida ya daftari. Nilikuwa na mtoto ambaye ndani yake kulikuwa na mtu anayemsemesha kila anaposhika kalamu, na mtu huyo alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha.

Maneno yalitoka wapi

Kabla ya kugusa maneno, nilihakikisha kwamba hakuna sababu nyingine iliyojificha nyuma yake. Mama yake alimpeleka zahanati akapimwa macho na masikio, yote yakaonekana salama. Nilimpima pia kwa tebo, yaani majedwali ya kuzidisha, nikagundua kwamba ya pili hadi ya tano alizijua, ya sita aliibahatisha, na kuanzia ya saba alikuwa gizani kabisa. Jambo hili nalitaja mapema kwa makusudi, kwa kuwa baadhi yetu tunaofanya kazi ya unasihi tunapenda kuamini kwamba mtoto akijiamini atajua, ilhali mtoto asiyejua tebo ya saba hawezi kugawanya kwa 7 hata akijiamini kama simba. Pengo la ujuzi lilikuwepo, nalo lilihitaji kufundishwa kama pengo lolote lingine.

Kwa wiki mbili niliandika kila kauli aliyoitoa kuhusu nafsi yake, iwe ameisema mbele yangu au imeletwa na mwalimu wa darasa au na mama yake. Hazikuwa nyingi. "Kichwa changu kizito." "Hata nikijaribu." "Shule imenikataa." "Mungu hakunipa." Na ile ya "mkariri," ambayo aliitumia kama jina lake la pili.

Nilipoanza kuzifuatilia, moja baada ya moja, niligundua kwamba hakuna hata moja aliyoitunga mwenyewe. "Kichwa kizito" ilikuwa kauli ya mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu. "Shule imemkataa" alilisema mjomba wake siku matokeo yalipotoka, barazani, akizungumza na watu wengine, mtoto akiwa amekaa hatua tatu pembeni akimenya mihogo. Na "Mungu hakumpa" ilitoka kwa bibi yake, mtu anayempenda kuliko wote nyumbani mule, ambaye alikuwa akimtetea: "Msimgombeze mtoto, Mungu kampa nduguye kichwa, huyu kampa mikono." Bibi alikusudia kumpunguzia mjukuu wake mzigo. Mtoto alichukua nusu ya sentensi na kuiacha nusu nyingine, akabaki na ile inayosema kwamba hana.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alieleza jambo ambalo mzazi yeyote aliyemtazama mtoto wa miaka minne akicheza peke yake ameliona: mtoto hujisemesha kwa sauti. Hujielekeza, hujikataza, hujipongeza. Vygotsky aliona kwamba mazungumzo hayo hutokana na yale aliyozungumza na watu wazima, na kwamba kadiri mtoto anavyokua sauti hupungua, inakuwa mnong'ono, kisha huingia ndani na kuwa fikra. Kwa hiyo anachojiambia mtoto wa darasa la nne kimya kimya, kwa sehemu kubwa, ni mabaki ya yale aliyoambiwa au aliyoyasikia yakisemwa juu yake. Nilipolielewa hili kwa mfano wa mtoto aliyekaa mbele yangu, nilijua kwamba kazi yangu itakuwa na watu wanne au watano, si mmoja.

Kuna jambo jingine linalohusu umri. Mtoto wa miaka mitano au sita kwa kawaida hujiona anaweza karibu kila kitu, na akishindwa leo kesho hukumbuka kidogo tu. Kuanzia miaka saba au minane ndipo huanza kujipima kwa wenzake kwa dhati, akajua nani wa kwanza na nani wa mwisho. Shule zetu humpokea katika umri huohuo kwa orodha za nafasi zinazobandikwa ukutani. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa, uamuzi nilioupokea kwa furaha, lakini orodha ya ukutani darasani ni jambo la kila shule na kila mwalimu, na mwaka 2019 msichana huyu aliisoma yake kila mwezi, akianzia chini.

Kosa langu la kwanza

Nilianza vibaya, na naona ni wajibu kulieleza kosa hili kwa kirefu kwa sababu ndilo kosa la wengi wetu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kauli mbaya hufukuzwa kwa kauli nzuri. Basi nilimwandikia kadi yenye sentensi tatu: "Mimi ni hodari. Mimi ni mwerevu. Mimi naweza kila kitu." Nilimwomba azisome kila asubuhi mbele ya kioo kabla ya kuja shule, na mimi mwenyewe nikawa namsomesha tukiwa wawili ofisini.

Wiki ya kwanza alisoma kwa utii. Wiki ya pili akaanza kunikwepa. Alikuwa akiniona upande huu wa uwanja anapitia upande ule, na salamu yake ya "Shikamoo, mwalimu" ikawa inatolewa kwa mbali, kwa haraka. Mwalimu wa darasa aliniambia kwamba sasa hata hafuti tena, kwa kuwa haandiki kabisa. Jaribio la Machi alipata 8, pungufu ya lile la mwanzo.

Nilimwita nikamwambia kwamba simgombezi, nataka tu kujua. Alitoa ile kadi mfukoni, ikiwa imekunjwa mara nne, akaiweka mezani. "Mwalimu, naomba usinilazimishe. Huu ni uongo. Na bibi amesema mtu hajisifu."

Nimelirejea jibu hilo mara nyingi. Lina hoja mbili tofauti, na zote mbili ni za kweli.

Hoja ya kwanza ni ya ukweli. Mtoto aliyepata alama 9 anapojiambia kwamba yeye ni mwerevu wa Hisabati, akili yake haimezi. Inatafuta ushahidi, na ushahidi wote alionao uko upande wa pili. Kila alipoisoma ile kadi alikuwa akikumbushwa umbali uliopo kati ya sentensi na daftari lake. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wazima ambao walitakiwa kurudia kauli ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu awali waliambulia nafuu kidogo, ila wale waliokuwa wakijithamini kidogo, ambao ndio hasa kauli hizo huandikiwa, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakurudia kauli yoyote. Ningekuwa nimelisoma hilo kabla ya kuandika kadi, nisingeiandika.

Hoja ya pili ni ya adabu, na hii haimo katika vitabu vya unasihi ninavyovijua. Mtoto wa pwani hulelewa kwamba kujisifu ni aibu. Bibi yake alimwambia methali ambayo kila mtu wa Tanga anaijua: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa malezi hayo, mtoto anayesimama mbele ya kioo akajiita hodari ameingia katika kundi la kibaya kinachojitembeza. Nilikuwa nimemtaka mtoto achague kati ya mwalimu wake na bibi yake, naye kwa haki kabisa akamchagua bibi. Kujithamini ni jambo moja, majivuno ni jambo lingine, na mtu mzima anayajua mawili hayo yanapotengana. Mtoto wa miaka 11 hawezi kuachiwa ayatenganishe peke yake kwa kadi aliyopewa na mwalimu.

Niliichana ile kadi mbele yake. Nilimwambia kwamba amesema kweli na mimi nimekosea. Naamini, nikitazama nyuma, kwamba tendo hilo moja lilifanya kazi kuliko wiki tatu zilizotangulia, kwa maana alimwona mtu mzima akikosea na kubaki mtu.

Madrasani

Mama yake ndiye aliyeniambia niende madrasani. Alisema, "Mwalimu, huyu mtoto unayemwona wewe siye anayeonekana kule." Nikaomba ruhusa kwa ustadhi, nikaenda alasiri moja ya Aprili, nikakaa nyuma pamoja na watoto wadogo.

Nilichokiona kilinishangaza. Msichana yule aliyekuwa akifunika daftari kwa mkono shuleni alikuwa ameketi mstari wa mbele, mgongo umenyooka. Alikuwa anamaliza kuhifadhi Juzuu Amma, yaani juzuu ya mwisho ya Kurani, na ilipofika zamu yake alisoma sura ndefu kwa sauti iliyotulia. Katikati aliteleza. Ustadhi hakusema mengi, alisema, "Rudi nyuma." Akarudi aya mbili, akachukua kasi upya, akapita pale alipokwama, akaendelea hadi mwisho. Hapakuwa na aliyecheka. Yeye mwenyewe hakuonekana kukumbuka kwamba ameteleza.

Jambo dogo zaidi nililiona kabla hajaanza kusoma. Midomo yake ilicheza. Nilipomuuliza baadaye, alisema alikuwa anasoma dua ya Nabii Musa iliyomo katika Sura ya Taha, ile ambayo wanafunzi wengi wa Kiislamu huisoma kabla ya mtihani au kabla ya kuzungumza mbele za watu, anapomwomba Mola wake amkunjulie kifua, amrahisishie jambo lake na amfungue fundo la ulimi. Nikatambua kwamba mtoto huyu, ambaye nilikuwa nikihangaika kumfundisha kujisemesha, alikuwa na maneno yake tayari, tena yenye nguvu. Hayakuwa maneno ya kudai kwamba yeye ni nani. Yalikuwa maneno ya mtu anayejua kazi iliyo mbele yake ni nzito, anaomba msaada, na anaikabili.

Usiku ule niliandika katika daftari langu neno "kukariri" mara mbili, sambamba. Madrasani kukariri ni sifa: ni kurudia aya mpaka ikae. Shuleni neno hilohilo, kukariri, limekuwa aibu: ni kubaki nyuma wenzako wakiondoka. Mtoto mmoja alikuwa akiishi ndani ya maana zote mbili kila siku, asubuhi aibu, alasiri sifa, na hapakuwa na mtu mzima yeyote aliyemwonyesha kwamba kurudia ni kulekule.

Hapo ndipo nilipoupata mwelekeo wa kisa chote. Tofauti kati ya mtoto wa madrasani na mtoto wa darasa la nne haikuwa katika wingi wa kujiamini. Ilikuwa katika kile alichojiambia pindi anapokosea. Kule alijiambia arudi nyuma. Huku alijiambia kwamba yeye ni mkariri. Kauli ya kwanza inamwambia mtu la kufanya, ya pili inamhukumu.

Mpango wa pili

Nilirudi kwenye mbinu ambayo niliisoma chuoni na kuisahau. Mwaka 1971 Donald Meichenbaum, ambaye naye alifanya kazi Waterloo, pamoja na Joseph Goodman, walieleza jinsi ya kuwafundisha watoto wenye pupa kujisemesha wanapofanya kazi. Mtu mzima hufanya kazi kwanza huku akijisemesha kwa sauti, mtoto akitazama. Kisha mtoto hufanya huku mtu mzima akimwelekeza. Kisha mtoto hufanya na kujielekeza mwenyewe kwa sauti. Kisha kwa mnong'ono. Mwisho kimya kimya. Ukiitazama vizuri, ni safari ileile ya Vygotsky kutoka kinywani hadi moyoni, ila hapa mtu mzima anachagua maneno yatakayosafiri.

Tulikaa mara mbili kwa wiki, dakika 30, baada ya vipindi. Siku ya kwanza nilichukua ubao mdogo na swali la kugawanya 96 kwa 4. Nikajisemesha kwa sauti: "Naulizwa nini? Nagawanya 96 kwa 4. Naanza na 9. Katika 9, 4 zinaingia mara ngapi? Mara tatu. Mara tatu ni 12. Ah, 12 imezidi 9. Narudi nyuma. Mara mbili, ni 8. Inabaki 1. Nashusha 6, napata 16. Katika 16, 4 zinaingia mara nne. Jibu ni 24."

Kosa la "mara tatu" nililifanya kwa kukusudia, na neno "narudi nyuma" nililichukua madrasani kama lilivyo. Alinitazama kwa mshangao, akauliza, "Mwalimu, na wewe unarudi nyuma?" Nikamwambia kwamba kila anayegawanya hurudi nyuma, ila wengine hurudi kwa kasi hivyo humwoni.

Kauli zote tulizozitumia zilikuwa za namna hiyo, za kazi. "Naulizwa nini?" ya kumtuliza kabla hajaanza. "Naanza na mstari wa kwanza" kwa swali refu linalomtisha. "Narudi nyuma kidogo" anapokosea. Na moja ya kumalizia, ambayo nilimwachia achague mwenyewe. Nilimpendekezea "Nimefanya vizuri," akaikataa, akachagua "Nimemaliza hili." Nilifurahi kuliko angeikubali yangu, kwa sababu sentensi aliyoichagua haikuweza kukanushwa na alama yoyote. Amelimaliza, basi.

Baadaye nilikutana na utafiti wa Uholanzi wa Sander Thomaes na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watoto 212 wenye umri wa miaka 9 hadi 13. Watoto walifanya nusu ya mtihani wa Hisabati, wakasimama, kundi moja likajiambia kwamba litajitahidi kadiri liwezavyo, kundi la pili likajiambia kwamba ni hodari sana katika kazi hiyo, na la tatu halikujiambia lolote, kisha wakamalizia nusu iliyobaki. Watoto waliokuwa wakijiona hawajui Hisabati walifaidika na kauli ya kujitahidi. Kauli ya uhodari haikuwasaidia. Kwa lugha nyepesi, kadi yangu ya kioo ilikuwa ya kundi la pili, na "narudi nyuma kidogo" ilikuwa jirani wa kundi la kwanza.

Sambamba na hayo nilimfundisha tebo ya sita, ya saba na ya nane. Tulizikariri kwa mahadhi, kama alivyozoea kukariri mambo mengine, na hatukuliona neno hilo kuwa la aibu tena.

Watu wazima

Bibi nilimfuata nyumbani. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili, nikamwamkia, nikaketi mkekani. Sikumwambia kwamba maneno yake yamemuumiza mjukuu wake, kwa kuwa hilo lingekuwa kweli kwa nusu tu na lingemvunja moyo mtu mwema. Nilimuuliza yeye huonaje mtoto anaposoma Kurani. Uso ukamchanua. Alizungumza kwa muda mrefu, na kila sifa aliyoitoa ilikuwa ya kitendo: anaamka kabla ya kuitwa, anarudia bila kuchoka, akikosea hanuni. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba ayaseme hayohayo juu ya daftari la Hisabati, na amwambie mtoto mwenyewe, si jirani.

Alikuwa na wasiwasi wa haki: kumsifu mtoto sana kunaweza kumharibu, na kunaweza kumletea jicho. Nilimwambia kwamba simwombi amsifu, namwomba ataje alichokiona. Katika hili pia bibi na watafiti hawako mbali. Eddie Brummelman na wenzake huko Uholanzi walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wazima huelekea kuwamwagia sifa za kupita kiasi watoto wanaojithamini kidogo, na kwamba sifa hizo huwafanya watoto hao waogope kazi ngumu, pengine kwa kuhofia kutofikia kiwango walichopandishwa. Wiki mbili baadaye mtoto alinisimulia, kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi, kwamba bibi amemwambia, "Leo umekaa na daftari lako mpaka adhana ya isha."

Mjomba alikataa kuonana nami. Mama alisema atazungumza naye, na alichozungumza sikukijua, ila kauli ya shule kumkataa mtoto haikusikika tena nyumbani.

Mwalimu wa darasa alikuwa na wanafunzi zaidi ya 90 katika chumba kimoja, na sitaki msomaji amdhanie kuwa mtu mbaya. Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, mtoto asichapwe kwa kukosa jibu, jambo ambalo tulilipeleka kwa mwalimu mkuu na likakubaliwa kwa darasa zima. La pili, anaposahihisha, aweke alama ya vema penye hatua iliyo sahihi hata kama jibu la mwisho si sahihi. Hili la pili lilimwongezea kazi, na alilifanya kwa watoto wachache tu, akiwemo huyu.

Kurudi nyuma kwenyewe

Mwezi Mei, katika kuhesabu wanafunzi kwa ajili ya taarifa za shule, wakariri waliombwa wasimame darasani ili wahesabiwe. Ilikuwa shughuli ya dakika moja, bila nia mbaya yoyote. Wenzake wawili walicheka. Kwa wiki mbili zilizofuata mtoto hakuzungumza nami zaidi ya salamu, na daftari likatoboka upya.

Hapa ndipo panapoonekana mpaka wa mbinu hii, nami nausisitiza kwa moyo wote. Ilikuwa rahisi kumwambia ajisemeshe: "Wakinicheka si neno." Sikumwambia hivyo. Kudhalilishwa ni jambo la kukomeshwa na watu wazima, na kumfundisha mtoto kulimeza kwa maneno matamu ni kumwachia mzigo usio wake. Mtoto anayepigwa nyumbani, anayeshinda na njaa au anayeguswa vibaya na mtu hahitaji sentensi ya kujiambia. Anahitaji mtu mzima atakayesimama. Kwa hiyo nilizungumza na walimu wenzangu kuhusu namna ya kuhesabu, ikakubaliwa kwamba takwimu za wakariri zichukuliwe kutoka kwenye rejista, ofisini. Nikazungumza na wale wawili waliocheka. Mtoto akahamishiwa dawati la mbele, pembeni ya msichana mpole aliyekuwa akisoma naye madrasani. Baada ya hapo ndipo tuliporudi kwenye ubao wetu mdogo, naye akaanza kwa sauti, kama siku za mwanzo, ingawa alikwisha kufika hatua ya mnong'ono. Hatukuharakishana.

Alichofikia

Julai alipata 17 kati ya 50, Septemba akapata 22, na Oktoba akapata 21. Alama hizi si za kutangaziwa, na nafasi yake darasani ilipanda kwa kiasi cha wastani. Mimi nilitazama zaidi idadi ya maswali yasiyojibiwa, iliyoshuka kutoka saba hadi moja, na karatasi zake, ambazo tangu Agosti hazikuwa na tundu. Midomo yake ilicheza wakati wa mitihani. Msimamizi mmoja aliwahi kumuuliza anazungumza na nani.

Katika upimaji wa taifa wa mwaka huo alipata daraja C katika Hisabati, akavuka kwenda darasa la tano. Bado husema, akiulizwa, kwamba yeye na hesabu hawapatani. Nimeacha aseme, kwa sababu sasa hulisema huku anaendelea kuandika.

Mwalimu aliyempokea darasa la tano nilimwachia ukurasa mmoja. Nilimwandikia kwamba asimwite hodari mbele ya wenzake, amuulize ameanza na mstari upi. Kwamba akinyamaza ghafla kwa siku kadhaa atafute kwanza kilichotokea darasani kabla ya kutafuta kilichomo kichwani mwake. Kwamba akimwona ananong'ona katikati ya mtihani amwache. Kwamba dawati lake ni la mbele, kulia. Na kwamba tebo ya saba ameishika, ila ya nane, hasa kuanzia mara sita, bado inamteleza.